freeCodeCamp kwanza, au Android moja kwa moja? Mapitio ya mwenye steshenari

Naanza na jibu, maana najua wengine mnasoma kwa bando la kubana. Swali ni hili: anayetaka kuandika programu za simu, aanze kwa kujifunza wavuti, yaani kutengeneza kurasa za intaneti? Ndiyo, anza na wavuti, ila usiweke kambi huko. Chukua HTML (ya kujenga ukurasa) ya kukutosha kutengeneza fomu, CSS (ya kuupamba) kidogo, JavaScript (ya kuufanya upige hesabu na kujibu) kwa umakini wote, kisha hamia kwenye programu za simu hata kama kuna masomo ya wavuti hujayagusa. Kozi mbili ninazozipitia hapa, freeCodeCamp ya wavuti na Android Basics ya Google, ni za bure, nimezisoma mwenyewe, na kila moja ina sehemu ya kukaa nayo na sehemu ya kuruka bila kujuta.

Niseme natazamia wapi. Nina steshenari Mazimbu, Morogoro: kutoa kopi, kuprinti, kubaindi ripoti za wanafunzi, kujazia watu fomu za mtandaoni. Jumapili mimi ni mhazini wa kikoba. Hisa moja ni shilingi 5,000 na mtu hununua kuanzia moja mpaka tano, mfuko wa jamii ni 1,000, kuchelewa kikao ni faini, mkopo hauzidi mara tatu ya hisa zako, riba asilimia 10. Sanduku letu lina makufuli matatu na funguo zake zinakaa kwa watu watatu tofauti. Hesabu yote hiyo ilikuwa kwenye daftari kubwa la kaunta, na siku ya kuvunja kikoba tugawane, kikao kilikuwa kinaingia usiku. Nilitaka programu ya simu ya kufanya hesabu ile. Kwa hiyo sikusoma ili niajiriwe, na anayetafuta ajira apunguze chumvi kidogo kwenye ninayoyasema.

Kifaa changu kilikuwa laptopu ya HP ya mtumba yenye RAM ya GB 4. Kumbukeni hilo, maana nusu ya jibu langu linatoka hapo.

freeCodeCamp ni shirika lisilotafuta faida lililoanzishwa na Quincy Larson mwaka 2014. Hakuna pesa unayodaiwa, hata ya cheti. Huhitaji kusakinisha kitu: maelekezo upande mmoja, msimbo wako katikati, tokeo upande wa pili, vyote ndani ya kivinjari. Kwa laptopu kama yangu hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Umeme ukikatika nilikuwa naendelea kwenye simu, kwa shida, maana kuandika mabano ya JavaScript kwa kidole gumba ni adhabu, lakini inawezekana. Mtaala wao hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo ukikuta mpangilio tofauti na ninaousimulia usishangae.

Sehemu ya kwanza niliyopita ni ya kurasa za wavuti. Unaanza kwa kutengeneza ukurasa wa picha za paka, hatua moja baada ya nyingine, na kila hatua ni ndogo mno. Hapo ndipo kasoro yake ya kwanza ilipo. Hatua zikiwa ndogo hivyo, mkono unaandika na kichwa kimelala, halafu alama ya tiki inakuja na unajiona fundi. Ujuzi wenyewe unapatikana kwenye kazi za cheti ambazo hazina wa kukushika mkono. Mojawapo ni kutengeneza fomu ya maswali yenye jina, barua pepe, sehemu ya namba, orodha ya kuchagua, na visanduku vya kutiki. Mimi niliigeuza ikawa fomu ya kujiunga na kikoba: jina, namba ya simu, jina la mrithi, idadi ya hisa. Majaribio ya freeCodeCamp hayajali maudhui yako, yanaangalia vipande vinavyotakiwa kama vipo.

Kasoro ya pili ni CSS, ambayo ni nyingi kupita kiasi kwa mtu anayekwenda kwenye simu. Kuna somo la kuchora gurudumu la bembea linalozunguka. Kuna somo la kumchora pengwini kwa msimbo, naye anapunga mkono. Nimemchora, akapunga, na sijapata kumhitaji tena. Ukishajua kupanga vitu mstarini kwa Flexbox, kuweka nafasi na rangi, na kufanya ukurasa usivurugike kwenye kioo kidogo, ondoka. Wazo la Flexbox utalikuta tena mbele, wakati pengwini hutamkuta popote.

JavaScript ndiyo sababu ya mimi kuisifia kozi hii. Kazi moja ya cheti ni rejesta ya fedha: unapewa bei, pesa aliyotoa mteja na zilizomo kwenye droo, na programu yako irudishe chenji kwa noti na sarafu zilizopo, au iseme haitoshi. Mwenye duka yeyote anaielewa kazi hii kabla hajaimaliza kuisoma. Na ndani yake kuna mtego wa kweli. Kompyuta ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2 kwa JavaScript, inajibu 0.30000000000000004. Dola na senti zinakusumbua hapo mpaka ujifunze kufanya hesabu yote kwa senti, namba nzima. Sisi wa shilingi tumepona, senti hatuzishiki siku hizi, ila riba ya asilimia 10 ikigawanywa kwa majuma inaweza kukurudisha kwenye mtego uleule.

Mtego mwingine unakuja kwenye fomu. Alichoandika mtu kwenye kisanduku hukujia kama maandishi, hata akiandika namba. Ukijumlisha 5000 na 2000 bila kuzigeuza kuwa namba, JavaScript inaziunganisha tu: 50002000. Milioni hamsini na kitu, kwenye kikoba cha akina mama wa Mazimbu! Kotlin, lugha ya upande wa Android, nayo ingeunganisha maandishi kwa maandishi. Tofauti ni kwamba ukishaiambia kuwa jumla ni namba nzima, inagoma kabla programu haijawaka. JavaScript inakuacha uende mpaka kwenye kikao ukaumbuke mbele ya mwenyekiti.

Sasa kozi ya pili. Inaitwa Android Basics with Compose, ya Google wenyewe, nayo ni bure. Compose ni zana yao ya kuchora skrini za programu. Kotlin ilitengenezwa na JetBrains, Google wakaipokea rasmi kwa Android mwaka 2017, na tangu 2019 wanaiweka mbele ya Java, lugha iliyotumika kabla yake. Kozi ina sehemu nane. Masomo ya mwanzo kabisa ya Kotlin hufanyika ndani ya kivinjari, kwa hiyo hata mwenye laptopu dhaifu anaweza kuonja. Halafu unaambiwa usakinishe Android Studio, programu ya kompyuta ya kuandikia programu za Android, na hapo ndipo wengi wanaposhukia.

Google wameandika kwamba Android Studio inataka angalau GB 8 za RAM, na GB 16 ukitaka kutumia emuleta, ile simu ya kuigiza inayowaka ndani ya kompyuta. Kwa GB 4 usijaribu. Nilipeleka laptopu kwa fundi, akaiongezea RAM ikafika GB 8 na kunibadilishia diski kuwa SSD, na mpaka leo sijawahi kuwasha emuleta. Natumia simu yangu ya Tecno kwa waya wa USB. Kama simu yako iko kwa Kiswahili, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, gonga Nambari ya muundo mara saba, menyu ya wasanidi itafunguka, washa Utatuzi wa USB. Kuanzia hapo programu unayoiandika inawaka kwenye simu yenyewe, na kuiona inafunguka kwenye kiganja chako kuna raha ambayo ukurasa wa wavuti haukupi.

Bando nalo. Android Studio ni kubwa, vifaa vya SDK vya kujengea programu ni vikubwa, na ukifungua mradi mpya kuna kitu kinaitwa Gradle kinachoshusha maktaba zake taratibu huku wewe ukitazama mstari unaotembea. Fanya kazi hiyo kwenye Wi-Fi ya chuo au ya ndugu, usiku. Kozi yenyewe hailisemi hili kwa uzito unaostahili, nadhani waandishi wake hawanunui bando la siku.

Masomo yenyewe yamepangwa vizuri. Kadi ya siku ya kuzaliwa, kurusha dadu, kikokotoo cha bakshishi. Cha bakshishi nilikigeuza kuwa kikokotoo cha riba ya mkopo jioni ileile. Halafu kuna somo la programu ya vitindamlo ambalo linakuonyesha kitu ambacho mtu wa wavuti hawezi kukiwaza: ukiigeuza simu kutoka wima kwenda ubapa, Android huibomoa skrini na kuijenga upya, na hesabu uliyokuwa nayo inarudi sifuri. Unafundishwa namna ya kuitunza isipotee. Kwenye kivinjari ukurasa unajipanga tu na maisha yanaendelea. Kwa hiyo wale wanaosema ukijua wavuti umeshajua simu, wapeni somo hilo kwanza.

Kuna lingine. JavaScript ya kawaida inakuzoesha kukamata kitu kwenye ukurasa na kukibadilisha kwa mkono: tafuta jumla, iandike upya, ipake nyekundu. Compose haitaki uguse skrini. Unabadilisha data, skrini inajichora yenyewe kufuata data. Kichwa changu kilikataa kwa muda, na hapa nakiri wavuti ya kawaida ilinichelewesha. Aliyepitia React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, hana tatizo hilo, maana React nayo inafikiri hivyohivyo.

Ila fika sehemu ya tano, somo la picha za sayari ya Mirihi, ambapo programu inazifuata picha kwenye seva kupitia intaneti. Hapo nilipita bila kukwama. URL, yaani anwani ya mtandaoni, nilishaijua, ombi la HTTP la kuiomba seva data nilishalijua, JSON, namna ya kupanga data kwa maandishi, nilishaisoma mpaka nikaichoka, na wazo la kusubiri jibu bila kugandisha kila kitu nilikuwa nimelipata kwenye JavaScript, huku Kotlin ikiwa na namna yake ya kuliandika. Mwanafunzi mmoja anayekuja kuprinti kwangu alianza na Android moja kwa moja, kijana ana akili kuliko mimi, na akagota palepale. Akaniuliza, “Dada, hii JSON imetoka wapi?” Kwake somo moja lilikuwa na mambo mageni manne kwa mpigo, Kotlin ikiwa bado haijakaa vizuri. Tulikaa kwenye kaunta, nikafungua kivinjari, tukaomba data kwa JavaScript mistari michache, akaiona ikitokea. Jioni alikuwa ameendelea mbele.

Sehemu ya sita inahusu kuhifadhi data ndani ya simu kwa Room, maktaba ya Android ya kazi hiyo, na SQL, lugha ya kuuliza data iliyo kwenye majedwali. Hapo sote tulikuwa wageni, maana njia ya wavuti niliyopita haikunifundisha SQL. Kwa mtu wa vikoba hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Wanachama jedwali moja, hisa jedwali jingine, mikopo na marejesho lake. Ukiuliza nani anadaiwa, jibu linakuja. Mfano wa kozi ni stoo ya bidhaa, kwa hiyo mwenye duka unaweza kuutumia ulivyo.

Nimeandika programu ya kikoba mara mbili, moja ya wavuti na moja ya Android, na kuzilinganisha kulinifundisha kuliko vyeti. Ya wavuti ilitangulia. Niliipandisha GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti mtandaoni, bila gharama, nikaiwekea service worker ili iwake hata bila bando, na wanachama wakaiweka kwenye skrini ya mwanzo ya simu zao kama programu nyingine. Mwenyekiti wetu, tunayemwita Shangazi, anatumia iPhone aliyoletewa na mwanawe, na ikafunguka kwake bila neno. Nikirekebisha kitu usiku, asubuhi wote wanakiona. Ningeianza kwa Android, Shangazi angebaki nje, kwa sababu kumtengenezea ya iPhone kunataka kompyuta ya Mac na ada ya dola 99 kila mwaka kwa Apple.

Udhaifu wake ni pale data inapokaa. Ukihifadhi ndani ya kivinjari peke yake, mtu akifuta data za kivinjari ili simu iwe nyepesi, hisa za mwaka mzima zimekwenda nazo. Safari, kivinjari cha iPhone, inaweza hata kufuta yenyewe data ya tovuti usiyoitembelea kwa siku saba, ingawa zilizowekwa kwenye skrini ya mwanzo hupona. Programu ya Android haifutwi kirahisi namna hiyo, lakini mtu akiiondoa na data yake inaondoka. Kwa vyovyote daftari la kaunta halijastaafu. Kila Jumapili natoa nakala, naiprinti, inaingia sandukuni chini ya makufuli matatu.

Nililotaka kwenye Android ambalo wavuti haiwezi ni kusoma SMS za M-Pesa na Airtel Money ili mchango ukiingia ujiandike wenyewe. Kiufundi Android inaweza. Ila Google wameibana sana ruhusa ya kusoma SMS kwa programu za Play Store: kwa kawaida hupewa zile ambazo ndizo programu kuu ya ujumbe kwenye simu, na wengine wachache wenye sababu zinazokubalika. Nikalirudisha wazo hilo kabatini. Nawaambia mapema kwa sababu nimesikia vijana zaidi ya mmoja wakitaka kuanza safari yao hapohapo. Kabla ya kuchagua njia, andika kwenye karatasi programu yako inahitaji nini kutoka kwenye simu: kamera, mahali ulipo, arifa, SMS, Bluetooth. Kamera na mahali hata kivinjari kinatoa, kwa ruhusa ya mtumiaji. Ikiwa orodha yako yote ni fomu, hesabu na orodha ya majina, wavuti inakutosha na huenda huhitaji hatua ya pili kabisa.

Njia nyingine nazigusa kwa haraka. Flutter inatumia lugha ya Dart, msimbo mmoja unakwenda Android na iPhone, na unaweza kujizoeza kwa kuiwasha ndani ya Chrome. Ila ukitaka kutoa programu ya Android unarudi kwenye vifaa vilevile vizito. Sikukaa nayo muda wa kuihukumu. React Native, iliyotoka Facebook mwaka 2015, ndiyo ningemshauri mwenye laptopu ya GB 4 ambaye hana pa kuongezea RAM. JavaScript uliyokwisha kuisoma inaendelea kutumika, na kwa Expo Go, programu ya simu ya kujaribia kazi yako, unaskani msimbo wa QR, programu yako inawaka kwenye simu bila Android Studio. Simu na laptopu zikiwa kwenye hotspot moja mambo yanakwenda. Kwa mtu huyo, kuanza na wavuti hakuna mjadala.

Kuna pia madarasa ya kulipia mjini yanayotangaza kwamba utatoka na programu yako ndani ya muda mfupi bila kujua chochote. Mteja wangu mmoja alilipa kwenye darasa la namna hiyo, akarudi na programu inayofunguka vizuri, ila kubadilisha bei ndani yake hawezi. Kabla hujatoa pesa, omba wakuonyeshe mwanafunzi wao akirekebisha kitu mbele yako.

Alama zangu: freeCodeCamp naipa 8 kwa 10, mbili nimezikata kwa ajili ya pengwini na jamaa zake, na kwa hatua zinazolaza akili. Android Basics naipa 7 ikiwa huna msingi wowote, 9 ikiwa umeshapita JavaScript. Alama nilizowakata ni kwa sababu ya vifaa, mafundisho hayana neno.

Kuhusu kuipeleka Play Store, ada ya kufungua akaunti ni dola 25, unalipa mara moja tu. Akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 zinatakiwa kwanza kuifanyia programu majaribio na watu kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitaka watu 20, mwishoni mwa 2024 wakashusha hadi 12. Kikoba chetu kinawazidi hao. Tatizo ni kwamba lazima kila mmoja awe na simu ya Android na akaunti ya Google anayoikumbuka nywila yake, na hapo tumefika kwenye kikao kinachofuata: nimewaomba waje na simu zenye chaji.